Shukrani kwa Mama wa Chumba cha Kusubiri

Mama niliyekutana nawe katika chumba cha kusubiri kwa daktari wa mifugo hapa Leicester, ambaye jina lako sikuliuliza, pokea shukrani zangu za dhati.

Tulikuwa tukijiandaa kwenda likizo Ufaransa kwa gari pamoja na mbwa wetu, nami niliamini kwamba karatasi zake zimekamilika, mpaka uliponiuliza kwa upole kipi kilitangulia, chipu ya utambulisho inayowekwa chini ya ngozi au chanjo ya kichaa cha mbwa. Chanjo ndiyo iliyotangulia, kwa hiyo isingehesabiwa. Alichanjwa upya, tukasubiri siku 21 zinazotakiwa, kisha tukachukua cheti cha afya, ambacho lazima kitolewe ndani ya siku 10 kabla ya kuvuka.

Hukuishia hapo. Uliniandikia nyuma ya risiti kwamba kabla ya kurudi Uingereza ni lazima daktari ampe dawa ya tegu, kati ya saa 24 na saa 120 kabla ya kuingia, jambo ambalo sikuwa nimeambiwa na mtu yeyote.

Wanangu hawakulazimika kumwacha rafiki yao nyumbani. Ahsante sana, mama. Risiti ile bado ninayo.