Waliopoteza viwanja Texas wafidiwe kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kesi ya Colony Ridge, eneo la makazi lililoko kaskazini-mashariki mwa Houston, Marekani. Desemba 2023 serikali ya shirikisho iliishtaki kampuni iliyoendeleza eneo hilo, ikidai kuwa iliwavutia wanunuzi kwa matangazo ya Kihispania kisha ikawasainisha mikataba ya Kiingereza, na kuwakopesha bila kuhakiki kipato chao kwa riba iliyofika asilimia 12.9. Kampuni ilikanusha. Hati ya mashtaka inaeleza kuwa takriban mkopo mmoja kati ya minne uliishia mnunuzi kunyang'anywa kiwanja, mara nyingi ndani ya miaka mitatu, na kiwanja kilekile kikauzwa tena kwa mwingine. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu hapo kushindwa kwa mkopaji kunageuka kuwa faida ya mkopeshaji.

Februari 2025 maofisa wa uhamiaji waliingia Colony Ridge na kukamata zaidi ya watu 100. Ninapinga kwa dhati mapatano yoyote ya kumaliza kesi ya mikopo ya kinyonyaji yanayoelekeza fedha kwenye polisi na ukamataji wa wahamiaji, ilhali familia zilizopoteza malipo yao ya awali hazirudishiwi chochote. Mtu anayeogopa kukamatwa hatakwenda mahakamani kutoa ushahidi, hata awe na risiti zote mkononi. Fedha za fidia zitengwe kabla ya matumizi mengine yoyote, na anayedai asiulizwe hati zake za ukaazi.

Msomaji wako,
Mombasa