Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uingereza: tupe tarehe

Mheshimiwa Waziri,

YAH: FIDIA KWA WANAWAKE TULIOTIWA WAVU WA NYONGA

Husika na kichwa cha barua hapo juu, yaani wavu unaotiwa mwilini mwa mwanamke kushikiza kizazi au kibofu kilichoshuka. Barua mbili za Kiingereza nimekwisha kukuandikia, nikajibiwa kwamba zimepokewa. Hii naiandika kwa Kiswahili ili dada zangu tunaoishi nao huku waisome, na kwa sababu wewe hukosi mkalimani. Mimi siku ya operesheni nilimkosa.

Jumanne iliyopita nimeletewa taarifa kwamba miadi yangu na wataalamu wa kutoa wavu imeahirishwa. Ni mara ya tatu. Binti yangu alishakata tikiti ya treni aje kunisindikiza. Niliketi jikoni nikalia, kisha nikatafuta kalamu.

Nimezaa watoto wanne, wa mwisho kwa taabu kubwa. Kizazi kikashuka, na kibofu nacho kikafuata. Mwaka 2013 hospitalini wakaniambia watakishikiza kwa kitu kidogo tu, na kesho yake nitalala kwangu. Aliyenitafsiria ni huyo huyo binti yangu, wakati huo ana miaka 15. Mtoto amesimama mbele ya daktari mwanamume anaeleza habari za uke wa mama yake! Jina la kile kitu hakulijua, akasema, "Ni kitambaa, mama." Nikatia saini. Hakuna aliyesema kwamba ni plastiki, wala kwamba nyama huota kupitia matundu yake, na ikishashikamana, kuutoa ni kukata kipande kwa kipande, na pengine usiishe.

Haukupita mwaka, wavu ukatoboa ukuta wa uke. Aliyeugundua ni mume wangu, kwa kuumia, na zaidi ya hapo sisemi. Sisi watu wa pwani tunajua mshipi ukivutwa na samaki mkubwa unavyokata kiganja. Ndani yangu ni hivyo, nikikaa, nikipanda basi, nikiinama kumvisha soksi mzee niliyekuwa nikimtunza. Kazi hiyo nimeiacha. Daktari mmoja alisema ni umri. Mwingine akasema ni mawazo. Miaka mitano nimeambiwa ni mawazo, na wavu unachungulia.

Mheshimiwa, haya hayakuanza kukufikia leo. Australia ilikwisha kuamua mwaka 2017 kuuondoa wavu unaotiwa kupitia ukeni kwa kizazi kilichoshuka. Uingereza ikasitisha matumizi yake Julai 2018, Marekani ikakataza usiuzwe kwa kazi hiyo Aprili 2019. Julai 2020 ikatoka ripoti ya Baroness Cumberlege, aliyepewa na Serikali kazi ya kuchunguza malalamiko yetu, ikasema wazi kwamba wanawake walilalamika na hawakusikilizwa. Serikali ikaomba radhi Bungeni. Nilimpigia simu dada yangu Mombasa siku ile, nikamwambia, sasa tumesikika.

Kisha Serikali yenyewe ikamwomba Dkt. Henrietta Hughes, Kamishna wa Usalama wa Wagonjwa, atazame namna ya kutufidia. Februari 2024 akaleta jibu: kila mwanamke aliyedhurika na wavu aanze kupewa pauni 20,000, mengine yafuate. Jibu mlilitaka wenyewe, mkaletewa. Mwaka ukapita, na hakuna aliyetuita.

Wengine wanasema ni pesa hazipo. Mimi nadhani ni kwa kuwa maradhi yetu hayasemeki. Mtu aliyevunjika mguu hupita njiani na mkongojo, watu wakamwona. Sisi tumejisitiri, tunaficha mkojo unaovuja, tunaficha ndoa zinazokufa, na ukimya wetu umehesabiwa kuwa tumeridhika. Hatukuridhika. Scotland, mwaka 2022, ilitunga sheria ya kuwarudishia wanawake gharama walizojilipia kutolewa wavu. Kumbe inawezekana.

Siombi radhi ya pili, ya kwanza ninayo. Siombi kamati wala ripoti nyingine. Naomba tarehe. Malipo yataanza lini? Kama si mwezi huu, ni upi? Wenzangu wengine ni wazee kunizidi, na kila barua ya "tunalitafakari suala hili" wanaisoma wakiwa kitandani.

Nipe siku, mwezi na mwaka, Mheshimiwa, niuandike kwenye kalenda ya jikoni, pale nilipofuta miadi yangu.

Wako anayesubiri,
Mama wa watoto wanne, mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa London