Tarehe ya kompyuta ikikosea, piga picha kabla ya kuirekebisha

Wateja wengi wakituita kwa sababu ya tarehe, wanakuwa wamesharekebisha. Kashia amewasha mashine asubuhi, akakuta 01/01/2010, akaingia kwenye saa, akaweka tarehe ya leo, kazi ikaendelea. Kesho yake ni vilevile. Siku atakayosahau, faktura zinatoka na mwaka wa zamani, na mhasibu anakuja kushtuka wakati wa kufunga mwezi kwa ajili ya TVA, yaani kodi ya ongezeko la thamani.

Tunaomba kitu kimoja: kabla ya kugusa chochote, piga picha ya ekrani kwa simu. Namna saa ilivyokosea ndiyo inayotuonyesha pa kuanzia.

Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, kwanza tunashuku betri. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna betri ndogo bapa iliyoandikwa CR2032, yaani upana wa milimita 20 na unene wa 3.2. Ikiwa mpya, kipimo chetu kinasoma volti 3 na kitu. Kazi yake ni kuendesha saa wakati mashine haina umeme. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, hata kama imezimwa, saa hutumia umeme wa ukutani na betri inapumzika. Sasa angalia maisha ya duka la hapa Lubumbashi: umeme unakatika mchana, na jioni patron anazima multiprizi yote kwa kuogopa umeme utakaorudi kwa nguvu usiku. Anafanya vizuri, tusimlaumu. Lakini usiku kucha, na Jumapili nzima, saa imebebwa na betri peke yake. Ndiyo maana hapa betri hizi zinachoka mapema.

Kujua kama ni yenyewe ni rahisi. Zima kompyuta, chomoa waya, iache hadi asubuhi, kisha iwashe bila intaneti na usome tarehe. Msisitizo uko kwenye intaneti: mashine ikipata mtandao huenda ikajisahihisha, ukadhani imepona. Mashine nyingine hukuandikia neno CMOS, yaani kumbukumbu ndogo ya mipangilio inayotunzwa na betri hiyo, kwenye ekrani nyeusi na kukuomba ubonyeze F1. Watu wanabonyeza kila asubuhi, miezi inapita, bila kuuliza ni nini.

Tena kuna wanaokuja kulalamika juu ya intaneti. Tovuti ya banki haifunguki, ekrani inasema muunganisho si salama, na tayari wamegombana na aliyewauzia mtandao. Tovuti salama huwa na cheti chenye siku ya kuanza na siku ya kuisha. Kompyuta inayoamini iko mwaka 2010 inaona cheti hicho hakijaanza hata kutumika, basi inakataa kuingia.

Saa ikikosea kwa saa moja kamili, acha betri mahali pake. Hapo ni majira, yaani ukanda wa saa uliochaguliwa kwenye mashine. Kinshasa iko UTC+1, yaani saa moja mbele ya saa ya kimataifa; sisi Lubumbashi, pamoja na Goma na Bukavu, tuko UTC+2. Mashine iliyotayarishwa Kinshasa inafika huku ikiwa nyuma saa moja. Kwenye Windows chagua mstari wa UTC+02:00 wenye Harare na Pretoria.

Zinazotusumbua zaidi ni mashine za okazioni kutoka Ubelgiji. Zinakuja zimewekwa saa ya Brussels. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi Wabelgiji wanasogeza saa zao mbele, wanakuwa sawa na sisi, na kila kitu kinaonekana kizuri. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudisha, na Jumatatu ofisi nzima iko nyuma kwa saa moja. Mtu anaisogeza kwa mkono, ekrani inaonyesha sawa, lakini kwa kuwa majira bado ni ya Brussels, barua pepe zinaondoka zikisema zimeandikwa saa moja baadaye. Badilisha majira, usisogeze mishale.

Ikiwa saa ni sawa ila 03/04 inasomwa Machi 4 badala ya Aprili 3, hiyo ni namna ya Kimarekani ya kuandika tarehe. Inabadilishwa kwenye mpangilio wa eneo. Ila jedwali la Excel lililokwisha kujazwa hivyo linahitaji kupitiwa upya, na hiyo ndiyo kazi ndefu.

Kuna pia tarehe inayorudishwa kwa makusudi, ili programu iliyokwisha muda iendelee kufanya kazi au faktura ionekane ya mwezi uliopita. Windows huandika ndani yake kila saa inapobadilishwa, na tunaweza kukusomea. Mpe kashia akaunti ya kawaida, isiyo ya msimamizi. Hataweza kubadilisha tarehe.

Kubadilisha betri tunafanya palepale dukani kwako. Lakini usimruhusu yeyote, hata sisi, kuitoa kabla ya kuangalia kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows inayoficha data za diski. Betri ikitoka, mipangilio ya ndani inaweza kufutika, na wakati wa kuwaka mashine ikadai ufunguo wa tarakimu 48. Tafuta ufunguo huo kwanza, uandike kwenye karatasi, ndipo utuite. Na faktura zilizotoka na tarehe mbaya usizifute. Zitenge, mhasibu wako aamue namna ya kuzisahihisha.