Mdogo wangu, huo mji wako unaouita wa kulala uliwahi kuasili meli

Marahaba. Najibu kabisa maana nikisubiri shikamoo yako nitaota mvi.

Juzi umenitumia ile voisi noti ndefu ukilalamika Braintree, huko Essex Uingereza, hakuna kitu, watu wanalala saa mbili usiku, kuna ile autileti ya nguo na treni ya kwenda London basi. Mi nilicheka nikanyamaza, ila usiku umeme ulikatika na joto la Tanga unalijua, nikakaa na simu nasoma habari za huko kwako mpaka chaji ikaisha. Nimeamua nikuandikie hapa hadharani na wengine wasome. Usinune, jina lako sijaweka.

Ni hivi. Wakati wa vita ya pili ya dunia Waingereza walikuwa na kitu kinaitwa Warship Week, wiki ya manowari. Kati ya Oktoba 1941 na Machi 1942 kila mji na kila wilaya ilipangiwa wiki yake ya kuchanga, na kila mahali waliwekewa kiwango: mkifikisha hela za meli ya aina fulani basi meli hiyo inakuwa yenu, mnaiasili. Mji unatoa kibao kinafungwa melini, na jeshi la majini linaleta kibao chake kinabaki mjini. Zaidi ya sehemu 1,200 zilishiriki, na nchi nzima ikakusanya kama pauni milioni 955, pauni za wakati ule! Braintree na jirani yake Bocking mwaka 1942 wakapata manowari ndogo ya kusindikiza misafara, HMS Kite.

Sasa wewe unayekimbia magrupu ya michango ya harusi, utafurahi kusikia kwamba hata huu haukuwa mchango hasa. Watu walikuwa wanaikopesha serikali, wananunua hatifungani na stempu za akiba, baadaye hela yao inarudi na riba. Watoto shuleni walinunua stempu za peni sita sita. Na hiyo Kite ilishaanza kujengwa Birkenhead tangu Septemba 1941, yaani wangechanga wasingechanga ingejengwa tu. Serikali ilitaka pia kuwatoa watu hela mfukoni, maana bidhaa zilikuwa za mgao, na hela nyingi zikifukuza bidhaa chache bei zinapaa. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, habari ya kwamba mji "ulinunua" meli ni maneno ya mabango tu. Kilichoifanya meli iwe yao ni yale yaliyofuata: miji ilikuwa inafuma soksi, sweta na kofia za sufu na kuwapelekea mabaharia wa meli yao, wanaandikiana barua, na mabaharia wenyewe wala si watu wa pale, wametoka kila kona ya nchi. Mtoto wa kuasili ndo hivyo, damu si yako ila ukisikia upepo usiku unamuwaza.

Halafu hilo jina. Kite ni mwewe. Si unakumbuka bibi alivyokuwa anapiga kelele uani mwewe akizunguka juu, tunakimbia kuficha vifaranga chini ya tenga? Basi huyu mwewe wa Braintree kazi yake ilikuwa kulinda vifaranga. Meli za mizigo zinakwenda kwa msafara, yeye na wenzake wanazunguka pembeni kufukuza nyambizi za Wajerumani. Alikuwa kwenye kundi la Kapteni Johnnie Walker, na meli za kundi hilo karibu zote zina majina ya ndege.

Huyo Walker alikuwa na ujanja mmoja ambao nimeupenda kweli. Meli zilikuwa na chombo kinachopiga mlio chini ya maji na kusikiliza mwangwi, lakini ukiisogelea sana nyambizi mwangwi unapotea, na nyambizi nayo inakusikia unakuja kwa kasi, inakwepa. Walker akafanya hivi: meli moja inabaki nyuma imeishikilia nyambizi kwa mwangwi, nyingine inanyemelea taratibu kabisa bila kupiga mlio wowote, inaongozwa na mwenzie mpaka iko juu yake ndo inamwaga mabomu. Kite ilishiriki kuzamisha nyambizi kadhaa mwaka 1943 na mwanzoni mwa 1944.

Agosti 1944 ikapangwa kwenye msafara JW 59, kutoka Scotland kwenda Urusi kwa njia ya kaskazini, kwenye maji ambayo ukidondoka dakika zako ni za kuhesabu. Walker mwenyewe alishafariki Julai. Wajerumani walikuwa na topido zinazofuata mlio wa pangaboi, kwa hiyo meli zilikuwa zinavuta nyuma yake mabomba ya chuma yanayogongana gongana ili topido ifuate kelele hizo iache meli. Asubuhi ya tarehe 21, mida ya saa kumi na mbili na nusu, mabomba ya Kite yakajisokota. Ikabidi ipunguze mwendo mpaka noti 6, kama kilomita 11 kwa saa, ili wayanasue. Noti 6 ni mwendo wa jahazi mdogo wangu, na nyambizi ya Kijerumani U-344 ilikuwa hapo hapo inaangalia. Ikapigwa na topido mbili.

Watu kama 60 walionekana majini. Manowari nyingine ya msafara, HMS Keppel, ikasimama kuwaokoa, wenzake wakiizunguka kuilinda, ikawatoa 14, na watano kati yao wakafia melini. Kati ya watu 226 walibaki 9. Meli za mizigo zilifika zote salama.

Nilipofika hapo nikawakumbuka na wa kwetu. Februari mwaka huo huo meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Ceylon (Sri Lanka ya leo) imebeba askari mizinga wa Afrika Mashariki na watu wengine, manesi pia, ikapigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives, na kwa dakika kama mbili tu ikawa imezama. Walikufa zaidi ya 1,200. Nilimuuliza mzee wa jirani hapa, hajawahi kuisikia, na mimi nilikuwa sijawahi.

Sasa nakuja kwenye shida yangu. Yule bibi unayemhudumia kwenye zamu zako za usiku, uliyesema ana miaka 93 na hajawahi kuhama Braintree, anakuita "mpenzi" halafu anakataa dawa. Mwaka 1942 alikuwa wa shule. Ukimpelekea chai kesho, kabla ya hizo dawa, muulize kama alinunua stempu ya peni sita, na kama mama yake alifuma soksi. Mtajie tu Kite halafu kaa kimya umsikilize, hata kama zamu imeisha. Nitumie voisi noti, hata iwe ya saa nzima nitaisikiliza.