Somo la kuzungumza hadharani lisisubiri mwaka wa mwisho

Mhariri,

Naunga mkono hoja kwamba wanafunzi wapya wa chuo wasome somo la kuzungumza mbele ya watu tangu muhula wa kwanza. Wengi hulikwepa hadi mwaka wa mwisho, ilhali kufikia hapo wameshawasilisha kazi nyingi za vikundi wakisoma slaidi neno kwa neno, mgongo wameipa hadhira. Aliyefanya utafiti mzuri huonekana hajui kitu, na alama humponyoka.

Woga wa kuzungumza mbele ya watu, unaowafanya wajifiche nyuma ya slaidi, hauondolewi na nadharia, hata mhadhiri awe hodari vipi. Hupungua kwa kusimama tena na tena. Vyuo viliweke somo hili mwanzoni, madarasa yawe madogo, na hotuba ya kwanza, ya dakika 2 tu, isipewe alama.