Jamii ndogo za mtandaoni huishi kwa kujibiwa

Kwa Mhariri,

Baada ya Elon Musk kuinunua Twitter mnamo Oktoba 2022, Waswahili kadhaa tulihamia Mastodon, mtandao ulioanzishwa na Eugen Rochko mwaka 2016, ambao umegatuliwa katika seva nyingi (kompyuta zinazohudumia watumiaji) zinazojitegemea, kila moja na wasimamizi na kanuni zake, lakini zote zikipokezana ujumbe. Wengi wetu wameshaondoka, wakidai kwamba huko hakuna watu.

Dai hilo silikubali. Ukurasa wa nyumbani wa Mastodon hauna algoriti ya kumsukumia msomaji maandishi ya watu asiowafuata. Chapisho hufika mbali hasa pale mtu anapolisambaza, au anapolitafuta kwa alama ya reli (#). Mgeni mwenye wafuasi watatu, anayeandika salamu zake bila alama hiyo, amepiga hodi kwenye nyumba iliyojaa wenyeji ambao sauti yake haikuwafikia. Kwenye Lemmy, mtandao wa vikundi vya mijadala (jamii) uliogatuliwa vilevile, mambo ni magumu zaidi, kwa kuwa jamii mpya haionekani katika seva nyingine mpaka mtu wa huko aitafute na kujiunga nayo.

Jamii yetu ya mapishi ya pwani, tunayoisimamia watu wanne hapa Mombasa bila malipo (gharama za seva hutoka kwenye michango), ilipitisha miezi mingi ikibandika viungo vya habari kila asubuhi, na hakuna aliyejibu. Siku moja tukauliza iwapo mkate wa sinia na mkate wa kumimina ni kitu kimoja. Watu wa Lamu, Unguja na hata Muscat walijibizana kwa siku tatu, wakabishana kuhusu tui, hamira na moto wa juu, na baadhi yao hawajatoka tena. Tangu hapo tumewekeana zamu, ili kila mgeni ajibiwe siku ile ile anapoandika, tena kwa swali linalomhusu yeye mwenyewe, wala si kwa "karibu" tupu.

Nawasihi wenzangu wanaoandika huko wachague Kiswahili katika mpangilio wa lugha wa kila chapisho, kwani wapo wasomaji wanaochuja machapisho kwa lugha. Nanyi, Mhariri, fungueni akaunti ya gazeti huko, na mumpe mwandishi mmoja kazi ya kuketi na kujibu wasomaji.

Msomaji wenu,
Kibokoni, Mombasa