Nasi wazazi tufundishwe lugha ya alama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe jambo linalonikaa rohoni tangu Juni, shule zilipofungwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Korogwe. Mwanangu wa tatu, sasa ana miaka 11, ni kiziwi. Naandika kiziwi, siyo bubu. Bubu ni neno la kumtukania, na watu wazima wanalisema mbele yangu kana kwamba nami sisikii. Hakuzaliwa hivyo. Alipata homa ya uti wa mgongo akiwa na miezi 10, akalazwa wiki tatu, akapona, tukachinja mbuzi. Hakuna aliyetuambia kuwa ugonjwa ule huweza kuondoka na masikio ya mtoto, na kwamba tumrudishe apimwe. Alipofika miaka miwili, ukimwita haitiki, tukaambiwa watoto wa kiume huchelewa kusema. Mawifi zangu wakasema amefungwa ulimi. Mwaka mzima ukaishia kwa waganga. Anakuja kupimwa, ana miaka minne na nusu.

Tukapata mashine ya sikio. Wenye watoto viziwi wanajua: sikio la mtoto linakua, kile kidude cha kuingia tunduni hakikui, basi mashine inapiga mluzi hadi kuku wanashtuka. Kutengeneza kingine ni safari ya mjini, na betri nazo haziishi kununuliwa. Leo mashine ile imo kwenye kopo langu la vifungo. Tangu 2017 Muhimbili wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa upasuaji, nasi tuliuliza. Tukaambiwa tumechelewa.

Akiwa na miaka saba akaenda shule ya bweni ya viziwi, mwendo wa siku nzima kwa basi. Huko ndiko alikopata lugha. Walimu wake nawaombea dua kila siku. Ila alipokuja likizo ya kwanza, mikono yake haikutulia toka mlangoni hadi usiku, na sisi tunamtazama tu. Mimi nilikuwa na ishara zangu tano za nyumbani: kula, lala, njoo, maji, acha. Ndizo nilizomlea nazo.

Sasa nieleze ya Juni. Mama mkwe wangu alifariki Machi. Kwa desturi yetu maiti haikai. Alizikwa jioni ile ile, na mtoto yuko shule. Bibi huyu ndiye aliyekuwa akilala naye kitanda kimoja. Mtoto anarudi, anaingia chumbani, anaona kitanda kimekunjwa godoro. Akaangalia uani, akaangalia chooni, akaja na mkongojo wa bibi ameushika, ananiuliza kwa macho. Ningemwambiaje? Nikaweka kiganja shavuni, lala. Nikaonyesha chini, ardhini. Baba yake akampeleka makaburini, akamwonyesha tuta.

Tangu usiku ule mtoto akagoma kulala. Nikimwekea kiganja shavuni analia, anakimbilia mlangoni. Siku ya nne ndipo nilipoelewa nilichomwambia: kwamba bibi alilala, akafukiwa.

Pale stendi yupo kijana fundi viatu, kiziwi, amesoma hadi kidato cha nne. Nilimpeleka mtoto kwake, nikaandika kwenye kipande cha boksi: "Bibi yake amekufa, sijui kumwambia." Akaweka kiatu chini, akampa mtoto kigoda. Walizungumza robo saa. Mtoto akauliza, akajibiwa, akauliza tena. Halafu yule kijana akaniandikia: "Anauliza kwa nini hamkumwita. Anauliza kama bibi alikuwa anaumwa muda mrefu." Nikajibu kwa kalamu, yeye akamgeuzia kwa mikono. Hivyo ndivyo nilivyompa mwanangu habari ya msiba, kupitia kwa fundi viatu, miezi mitatu baadaye, watu wanashuka kwenye mabasi. Usiku ule alilala.

Mhariri, tangu mtoto huyu apimwe tumeonana na watu wengi wa msaada, na wote walikuwa wanashughulika naye: sikio lake, shule yake, sare yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Na wewe mama, unazungumza naye vipi?" Wataalamu wanasema zaidi ya watoto 9 kati ya kila 10 walio viziwi wana wazazi wanaosikia. Maana yake wengi wetu tunaanza sifuri. Siku ya kuwachukua watoto likizo, wazazi tunajaa pale shuleni tangu asubuhi. Tunasaini daftari, tunabeba masanduku, tunaondoka. Siku hiyo hiyo tungeweza kukalishwa darasani kwa muda wa saa tatu tu.

Najua halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 katika hizo ni ya watu wenye ulemavu. Sibezi. Na mwisho wa Septemba, Wiki ya Viziwi, huwa kuna maandamano na fulana nzuri. Mimi naomba kitu cha bei ndogo kuliko fulana: darasa la lugha ya alama kwa wazazi, mara moja kwa wiki, kwenye ofisi ya kata, na mwalimu awe kiziwi mwenyewe, alipwe kama mwalimu mwingine yeyote. Na lianze siku ile mtoto anapopimwa. Miaka saba ni mingi mno kumlea mtu kwa maneno matano.

Sisi tumeshaanza. Kila Jumapili yule kijana anatufundisha, wazazi wanne: mimi, mama wawili wa hapa mjini, na baba mmoja anayetoka Mombo kwa bodaboda, ambaye ndiye mzito kuliko wote na ndiye hakosi. Kijana hatutozi, namshonea watoto wake sare. Mvua ikinyesha tunahamia kibaraza cha duka la jirani, mwenye duka akitaka. Nimefikisha ishara mia na kidogo. Nikikosea, wapiga debe wanacheka, lakini wawili kati yao sasa wanajua kumsalimia mwalimu wetu.

Afisa maendeleo au ustawi wa jamii anayetaka kuona jambo lenyewe lilivyo, tupo stendi, Jumapili saa nane mchana, upande wa magari ya Lushoto. Aje na kigoda chake, tulivyo navyo ni vitano tu.

Mama Salumu,
Korogwe, Tanga